Kufomati flashi na memori kadi kwa kuandika amri: kinachofutika, kinachobaki na pa kuwa makini

Swali hili wasikilizaji wetu hawaachi kutuuliza. Umechomeka flashi kwenye kompyuta ya steshenari, au umepachika memori kadi kwenye simu nyingine, na badala ya kuona nyimbo na picha zako unaona maandishi yanayosema kwamba lazima ifomatiwe kwanza ndipo itumike. Kijana wa kompyuta anageuka na kukuuliza kama afomati. Umjibu nini?

Jibu letu ni kwamba kama ndani kuna kitu bado unakihitaji, mwambie asubiri. Kufomati hakurudishi kilichopotea. Kunaandaa nafasi tupu, basi. Na maandishi yale hayasemi kwamba kadi imekufa wala kwamba picha zimeondoka. Yanasema tu kwamba kifaa hicho hakikuelewa jinsi kadi ilivyopangwa ndani. Pengine ilipangwa na kifaa cha aina nyingine, pengine mpangilio umeharibika kidogo kwa sababu ilichomolewa wakati inaandikwa. Katika hali zote mbili vitu vyako vinaweza kuwa bado vimo.

Tunaeleza hapa kufomati ni nini hasa, mpangilio upi unafaa kwa kifaa kipi, na kazi hiyo inavyofanywa kwa kuandika amri kwenye kompyuta. Usiache kusoma kwa sababu huna kompyuta. Siku utakaposimama nyuma ya kijana wa steshenari utajua anachoandika, na utajua ni wakati gani wa kumwambia asibonyeze kwanza.

Daftari la ghala

Fikiria ghala la chama cha msingi wakati wa msimu wa korosho. Magunia yamejaa hadi juu. Mtunza ghala ana daftari linaloonyesha mzigo wa nani uko safu gani na una magunia mangapi. Mwenye mzigo akifika, mtunza ghala hafungui gunia moja moja, anafungua daftari.

Ndani ya flashi ni hivyo hivyo. Nafasi yote imegawanywa katika vyumba vidogo vidogo vyenye namba. Wimbo mmoja unachukua vyumba vingi, na si lazima viwe vinafuatana. Kinachojua kwamba wimbo fulani umeanzia chumba hiki ukaendelea chumba kile ni daftari, na daftari hilo pamoja na kanuni za kuliandika ndilo wataalamu wanaloliita mfumo wa faili.

Mfumo maarufu kuliko yote kwenye flashi unaitwa FAT, herufi zinazosimama badala ya maneno ya Kiingereza yenye maana ya jedwali la mgawo wa faili. Yaani jina lenyewe linasema kwamba ni daftari. Ulianza mwaka 1977, kazi ya Marc McDonald wa kampuni ya Microsoft, enzi za diski laini ambazo zisingeweza kubeba hata picha moja ya simu yako ya sasa. FAT32, ambayo ni toleo lake linalotumika zaidi leo, ilitoka mwaka 1996 pamoja na toleo mojawapo la Windows 95. Ni mfumo wa kizamani lakini rahisi, na urahisi huo ndio umeufanya ukubalike hadi kwenye redio ndogo za mezani.

Sasa, ukifomati kwa njia ya haraka, kompyuta inaandika daftari jipya lisilo na jina la mtu hata mmoja na kuliweka mahali pa lile la zamani. Magunia haiyagusi. Yamo ghalani vile vile, ila hakuna ukurasa unaoyataja, kwa hiyo kila chumba kinahesabika kuwa kitupu. Siku utakapoingiza wimbo mpya, unawekwa juu ya mzigo wa zamani, na hapo ndipo picha yako inapopotea kweli. Kumbuka jambo hili, kwa sababu linarudi mbele tutakapozungumzia kadi iliyofomatiwa kwa bahati mbaya na kadi inayouzwa.

Ipo pia njia ndefu. Kuanzia Windows Vista, iliyoingia sokoni mwaka 2007, ukifomati bila kuchagua njia ya haraka kompyuta inaandika sifuri kwenye nafasi yote. Hiyo haibakizi kitu cha kuokoa. Kwa hiyo kijana akisema anafomati, muulize ni kwa haraka au kwa ukamilifu. Si swali la kijinga.

Mpangilio upi kwa kifaa kipi

Watu wengi huchagua vibaya hapa, kisha wanalaumu flashi.

Kama flashi ni ya kusikilizia nyimbo kwenye sabufa, redio ya gari au redio ndogo ya kuchomeka kadi, chagua FAT32. Vifaa vingi vya aina hiyo vimetengenezwa kuelewa daftari la FAT peke yake. Ukiwapa mpangilio mwingine, taa itawaka, namba zitazunguka kwenye kioo, kisha kimya. Sabufa haijaharibika na flashi haijaharibika. Haziongei lugha moja tu.

FAT32 ina udhaifu mmoja mkubwa. Faili moja haiwezi kufikia gigabaiti 4. Nyimbo hazina shida, kwa sababu wimbo mmoja ni megabaiti chache. Shida inakuja kwenye video ya harusi. Umepewa flashi ya gigabaiti 32, haina kitu, video ni gigabaiti 6, na kompyuta inakataa kunakili ikisema faili ni kubwa mno. Mtu anapiga hesabu na kuona ameibiwa nafasi. Hajaibiwa. Ukurasa wa daftari lile hauna mahali pa kuandika mzigo mmoja mkubwa kiasi hicho. Kamera nyingi zinajua tatizo hili, ndiyo maana zikirekodi kwa muda mrefu hukata video vipande kila inapokaribia gigabaiti 4.

Kwa video kubwa upo mfumo unaoitwa exFAT, ambao Microsoft iliutoa mwaka 2006. Hauna kikomo cha gigabaiti 4, unasomwa na Windows, na kadi za simu zenye zaidi ya gigabaiti 32 hutoka kiwandani zikiwa zimepangwa hivyo, kwa sababu ndivyo kanuni za watengenezaji wa kadi za SD zinavyotaka. Kwa miaka mingi kompyuta za Linux zilihitaji kuongezewa programu ili kuusoma. Mwaka 2019 Microsoft ilichapisha maelezo yake kwa wote, na sasa Linux inausoma yenyewe. Sabufa za bei nafuu, hata hivyo, nyingi bado haziusomi.

Mifumo mingine miwili utaisikia ikitajwa. NTFS ni wa diski za ndani za Windows, na simu nyingi za Android haziuelewi. Ext4 ni wa Linux, na ukichomeka flashi yenye ext4 kwenye Windows, ndipo unapopata yale maandishi ya kutaka ifomatiwe. Kwa matumizi ya nyumbani, chaguo ni FAT32 kwa muziki na exFAT kwa video na picha nyingi. Hiyo mingine waachie wenye shughuli zake.

Kwa nini kuandika amri wakati vitufe vipo

Mara nyingi vitufe vinatosha. Unabonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya flashi, unachagua kufomati, imekwisha. Amri inahitajika pale vitufe vinapogoma.

Mfano tunaoupata sana ni flashi ya gigabaiti 64 inayotakiwa kwenye sabufa. Ukifungua dirisha la kufomati la Windows, FAT32 haimo kabisa kwenye orodha, ipo exFAT na NTFS tu. Sababu si kwamba FAT32 haiwezi. Kwa kanuni zake inaweza kubeba hadi terabaiti 2. Windows iliwekewa kikomo cha gigabaiti 32 katika kufomati FAT32, kikomo ambacho kilidumu miaka zaidi ya 20. Mwaka 2024 Microsoft ilitangaza kwamba imeanza kujaribu kukipandisha hadi terabaiti 2, lakini kwenye amri ya kuandika tu, si kwenye dirisha la vitufe. Kompyuta nyingi za steshenari zina Windows za zamani zaidi ya hapo. Linux haijawahi kuwa na kikomo hicho.

Mfano mwingine ni kadi iliyotoka kwenye kamera za ulinzi au diski iliyokuwa kwenye king'amuzi cha kurekodi. Vifaa hivyo huigawa vipande na kuipanga kwa namna yao, na vitufe vya kawaida vinaona kipande kimoja tu au havioni kitu.

Tofauti ya amri na vitufe ni kwamba amri inatekeleza ulichoandika. Ukikosea herufi moja, inatekeleza kosa.

Kuijua diski yako

Kazi ya kufomati yenyewe ni ya dakika moja. Hatari yote iko kwenye kuchagua diski. Ndani ya kompyuta ile ile kuna diski yenye kazi za steshenari nzima: barua za watu, picha za pasipoti, mitihani ya shule. Kwa macho ya amri, diski hiyo na flashi yako ni majina mawili yanayofanana.

Kwenye Linux, amri ya kutazama ni hii, na haiharibu kitu:

lsblk

Utaona orodha ya namna hii:

sda 465.8G
sda1 465.8G
sdb 14.9G
sdb1 14.9G

Hapo sda ni diski ya kompyuta na sdb ni flashi ya gigabaiti 16. Jina lenye namba mwishoni, kama sdb1, ni kipande kilichomo ndani ya diski hiyo. Flashi nyingi zina kipande kimoja tu.

Usishangae kuona 14.9 badala ya 16. Kiwanda kinahesabu gigabaiti kuwa baiti bilioni 1 kamili, wakati kompyuta inapanda ngazi kwa 1,024 badala ya 1,000. Kwa sababu hiyo 16 inasomeka 14.9, 32 inasomeka 29.8, na diski ya 500 inasomeka 465.8. Kufomati hakukuli nafasi hiyo.

Njia ya uhakika tunayoipendekeza ni ya kizamani. Chomoa flashi, andika lsblk, tazama orodha. Chomeka flashi, subiri kidogo, andika lsblk tena. Jina lililoongezeka ndilo lako. Fanya hivyo kila mara, kwa sababu flashi iliyoitwa sdb asubuhi inaweza kuitwa sdc jioni ikiwa mteja mwingine amechomeka yake kwanza.

Ukitumia tundu la kadi lililo ubavuni mwa laptopu, kadi huitwa mmcblk0 na kipande chake mmcblk0p1. Hapa kuna mtego. Laptopu ndogo za bei nafuu mara nyingi hazina diski ya kawaida ndani, zina chipu ya aina moja na kadi, nayo huitwa mmcblk0 vile vile. Angalia ukubwa kabla ya jina.

Kwenye Windows kila kipande kinapewa herufi, kama C, D au F. Fungua dirisha la amri kwa kuandika cmd kwenye sehemu ya kutafutia na kulifungua kwa mamlaka ya msimamizi. Kisha, kwa flashi yenye herufi F, andika:

dir F:

Yakitokea majina ya faili unazozitambua, hiyo ndiyo flashi yako. Kama haisomeki, tumia njia ile ile ya kuchomoa na kuchomeka, utazame ni herufi gani inapotea na kurudi.

Na kabla ya yote, nakili. Kama flashi inasomeka hata kwa tabu, hamisha kwanza picha na sauti kwenye kompyuta au simu nyingine, kisha fungua mbili tatu uone kama kweli zinafunguka.

Amri zenyewe

Kwenye Windows, kufomati flashi F kwa FAT32, kwa haraka, na kuipa jina NYIMBO ni hivi:

format F: /FS:FAT32 /Q /V:NYIMBO

Neno la kwanza ni kazi. Herufi na nukta pacha ni diski. /FS inataja mfumo wa faili, na ukitaka exFAT unaandika /FS:exFAT. /Q ni ile njia ya haraka. /V ni jina, nalo kwenye FAT32 lisizidi herufi 11. Kompyuta itakuomba ubonyeze Enter kuthibitisha. Ukiona badala yake inaonya kwamba vitu vyote kwenye diski isiyo ya kuchomoa vitapotea, simama hapo hapo, umeandika herufi ya diski ya ndani. Jibu N.

Kwenye Windows za zamani usijaribu amri hii bila /Q kwa flashi ya gigabaiti 64. Inahangaika kwa muda mrefu, inafika mwisho, ndipo inakuambia ni kubwa mno kwa FAT32. Tunaona ingekuwa ungwana kusema mapema.

Baadhi ya vijana hupenda programu ya amri iitwayo diskpart, hasa kwa flashi yenye vipande vingi. Ni chombo kizuri, lakini kina neno clean ambalo linafuta mpangilio wote wa diski iliyochaguliwa bila kuuliza swali lolote. Akilitumia, mwombe kwanza aandike list disk na akuonyeshe nyota iko kwenye diski ipi. Nyota ndiyo inayoonyesha diski iliyochaguliwa.

Kwenye Linux kuna hatua mbili. Ya kwanza ni kukiachisha kipande, kwa sababu kompyuta hukifungua yenyewe unapochomeka:

sudo umount /dev/sdb1

Ya pili ni kuandika daftari jipya:

sudo mkfs.vfat -F 32 -n NYIMBO /dev/sdb1

Neno sudo linaomba mamlaka ya msimamizi na litakudai nywila. Mkfs ni kutengeneza mfumo wa faili, vfat ni familia ya FAT, 32 ni toleo. Kwa exFAT unaandika:

sudo mkfs.exfat /dev/sdb1

Ukimaliza, mara nyingi skrini haitoi pongezi wala maelezo marefu. Ukimya ni dalili njema. Andika sync, subiri mstari urudi, ndipo uchomoe. Amri hiyo inahakikisha kila kilichokuwa kinasubiri kuandikwa kimefika kwenye flashi. Kuchomoa kwa pupa ndiko kunakoharibu daftari, halafu siku ya pili yanarudi yale maandishi ya kutaka kufomati.

Tahadhari kuhusu mkfs.vfat: haikuulizi kama una uhakika. Ukishabonyeza Enter, kazi imefanyika.

Na kwenye simu je?

Simu ya Android ndani yake ni Linux. Ukienda kwenye mipangilio, ukafungua sehemu ya hifadhi na kubonyeza kufomati kadi, simu nayo inaita programu ndogo za aina ile ile tuliyoitaja, moja ya FAT na nyingine ya exFAT kulingana na ukubwa wa kadi. Tofauti ni kwamba mikono yako haiandiki.

Wapo wanaopakua programu ya Termux, ambayo inakupa uwanja wa kuandika amri kwenye simu, wakitarajia kufomati kadi humo. Kwa simu ya kawaida haitafanya kazi. Android haimruhusu mtumiaji kugusa kadi kwa kiwango hicho mpaka mfumo wa simu uwe umefunguliwa mamlaka ya juu kabisa, na kufungua mamlaka hayo kwa ajili ya kadi moja hatuoni kama kuna faida. Tumia mipangilio.

Jambo la kuangalia kwa makini zaidi kwenye simu ni hili. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, baadhi ya simu zinakuuliza kama kadi unataka iwe ya kuhamishika au iwe sehemu ya hifadhi ya ndani. Ukichagua ya ndani, simu inaifomati na kuifunga kwa siri, na ufunguo unabaki kwenye simu hiyo peke yake. Ukiitoa na kuiweka kwenye simu nyingine au kompyuta, itaonekana imeharibika na utaombwa ufomati. Usifomati. Irudishe kwenye simu yake, nakili vitu vyako, ndipo uamue. Simu yenyewe ikipotea au ikirudishwa kwenye hali ya kiwandani, ufunguo umekwenda nayo. Kwa wanaobadilisha simu mara kwa mara, tunashauri ya kuhamishika.

Kadi ambayo amri haiisaidii

Zipo kadi ambazo utazifomati mara kumi na tatizo halitaondoka. Kwanza, kama unatumia ile adapta kubwa inayomeza kadi ndogo ya simu, tazama ubavuni. Kuna kitufe kidogo cha kusogeza. Kikiwa upande wa kufunga, kompyuta inakataa kuandika. Kirudishe.

Pili, kadi iliyochoka. Chipu za kadi zinavumilia kuandikwa mara kadhaa wa kadhaa, kisha baadhi yake hujifunga zibaki za kusomwa tu. Dalili yake inachekesha kidogo: unafuta nyimbo zote, zinaondoka, unachomoa na kuchomeka, nyimbo zote zimerudi. Watu husema imelogwa. Imejifunga tu. Nakili vilivyomo upesi na ununue nyingine, maana hakuna amri ya kuirudisha.

Tatu, kadi ya uongo. Hii inauzwa sana minadani na magulioni, imeandikwa gigabaiti 512 au terabaiti 1 kwa bei ya kadi ndogo. Ndani ina chipu ya gigabaiti 8 au 16 iliyofundishwa kudanganya. Ukiifomati inakubali, na ukubwa unaosomeka ni ule wa kwenye boksi. Ni kama ghala la vyumba nane lenye daftari la vyumba mia tano. Kufomati kwa haraka kunaandika daftari tu, na daftari liko mwanzoni mwa kadi ambako chipu ya kweli ipo, kwa hiyo hakuna linalokwama. Utagundua baadaye, picha za msiba au ubatizo zikiwa na majina lakini zisifunguke, kwa sababu zilielekezwa kwenye vyumba ambavyo havikuwahi kujengwa.

Njia ya kuithibitisha ni kuijaza kadi yote kisha kusoma kila kitu upya. Kwenye Linux ipo programu ya bure iitwayo F3, yenye amri f3write ya kujaza na f3read ya kukagua. Kwenye Windows watu hutumia H2testw. Inachukua saa kadhaa kwa kadi kubwa, lakini fanya hivyo kadi ikiwa mpya na muuzaji bado unamjua alipo.

Imeshafomatiwa kwa bahati mbaya

Itoe kwenye simu au kompyuta sasa hivi. Usipige picha hata moja, usiingize wimbo wa kujaribu, usifomati mara ya pili. Kama kufomati kulikuwa kwa haraka, magunia bado yamo.

Programu ya bure iitwayo PhotoRec inapita chumba kwa chumba bila kutegemea daftari, ikitafuta alama za mwanzo wa picha, sauti na video. Ni ya kuandika amri pia, na inatembea kwenye Windows na Linux. Unachoiokoa usikiweke kwenye kadi ile ile. Chagua diski ya kompyuta, la sivyo unamwaga mzigo mpya juu ya ule unaoutafuta. Kwa kuwa daftari halipo, majina hayarudi. Utapata folda zenye faili zinazoanza na f na namba ndefu, na itabidi uzifungue moja moja kuzitambua. Video kubwa iliyotawanyika vyumba vya mbali mbali inaweza kurudi nusu au isirudi. Picha za simu, ambazo ni ndogo, huwa na bahati zaidi.

Geuza upande wa pili wa jambo hilo hilo. Unapouza kadi au flashi uliyoifomati kwa haraka, mnunuzi naye anaweza kuweka PhotoRec na kuona picha za kitambulisho chako, za watoto, za karatasi za benki. Kwa kadi ya kuuza, iandikwe sifuri nafasi yote. Kwenye Windows unaondoa /Q na kuongeza /P:1:

format F: /FS:exFAT /P:1

Kwa gigabaiti 32 andaa muda, si kazi ya kusubiri umesimama. Na kama kadi ilibeba picha za hati ya shamba au makubaliano ya mauziano ya ardhi, sisi tusingeiuza hata baada ya hapo.